Bao si Upuuzi: Neno juu ya Masomo ya Kemia ya Jioni



Limezuka neno katika chama chetu, nalo si neno la kupita hivi hivi. Watoto wetu wa sekondari, wakusanyikao kila Jumamosi jioni katika ukumbi wa chama kurudia masomo yao, wameletewa mabao mawili, kete zake, na vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa herufi na tarakimu. Na kwa vitu hivyo hurudia kemia. Baadhi ya wanachama waliopita nje wakasikia vicheko wameudhika. Wasema kwamba hawakutoa michango yao ili watoto wafundishwe mchezo wa wazee wa barazani. Kwamba mtihani hauulizi bao. Na kwamba mshika mawili moja humponyoka. Wanataka Mkutano Mkuu ujao uamue vitu vile viondolewe, na saa zote mbili za jioni zirudi katika kunakili maelezo na kujibu karatasi za mitihani iliyopita.

Twawaheshimu wasemao hivyo, kwa maana waona uchungu wa fedha zao na wa watoto wao, na uchungu huo ni wetu sote. Walakini hatukubaliani nao, na hapa twaomba ruhusa kueleza sababu. Hatuutetei mchezo kwa kuwa watoto waupenda, maana watoto hupenda mambo mengi yasiyowafaa. Twautetea kwa kuwa jambo lenyewe linalofundishwa, yaani jedwali la elementi, ni jambo la mpango. Na mpango haujulikani kwa kukaririwa, bali kwa kupangwa.

Tutazame kwanza jinsi jambo hili lifundishwavyo mahali pengi. Mtoto hupewa majina ishirini ya mwanzo ayaimbe kama wimbo: hidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu, na kuendelea mpaka kalsiamu. Baada ya juma moja ayaimba yote pasipo kukosa, na mzazi aliye sebuleni afurahi. Sasa mwulize: klorini yafanana na nani katika hao ishirini, na kwa nini? Atanyamaza. Mwulize: kwa nini chumvi ya mezani huandikwa NaCl, wala haiandikwi NaCl2? Atakuambia kwamba mwalimu ameandika hivyo ubaoni. Mtoto huyo si mjinga, wala mwalimu wake si mvivu. Amepewa orodha mahali pa jedwali, na mambo hayo mawili hayalingani hata kidogo.

Sisi tufanyao kazi katika masjala twaijua tofauti hiyo kuliko watu wengine. Orodha ya majalada hukuambia yapo majalada gani. Masjala iliyopangwa vema hukuambia zaidi ya hayo: hukuambia jalada hili ni ndugu wa lipi, lilitanguliwa na lipi, na, hili ndilo kubwa, hukuonyesha jalada lililopotea. Karani mwenye akili akiona namba 30 na namba 32 zimekaa pamoja rafuni hasemi kwamba 31 halikuwako kamwe. Husema, hapa pana nafasi ya kitu, na kitu hicho kitatafutwa. Tena kwa kuwatazama jirani zake wawili huweza hata kukisia habari zilizomo ndani yake.

Hivyo ndivyo alivyofanya Dmitri Mendeleev, mwalimu wa chuo kikuu cha St. Petersburg katika Urusi, mwaka 1869. Wakati huo elementi zilizojulikana zilikuwa 63, na yeye alikuwa akiandika kitabu cha kufundishia kemia. Taabu yake ilikuwa taabu ya kila mwalimu: nizifundishe hizi kwa taratibu gani, ili mwanafunzi asizame? Husimuliwa kwamba aliandika majina ya elementi katika kadi na kuzipangapanga mezani kama mtu achezaye karata peke yake. Na ijapokuwa baadhi ya wanahistoria waitilia shaka hadithi ya kadi, hakuna atiaye shaka kwamba mpango ule ulizaliwa na kazi ya kuandika kitabu cha wanafunzi. Jedwali lenyewe, basi, asili yake ni darasa. Hatuoni aibu kulirudisha darasani kwa kadi.

Mendeleev alizipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomu zake, akaona kwamba tabia zake hurudi kwa zamu. Alipofika mahali ambapo tabia hazikulingana hakulazimisha. Aliacha nafasi tupu, na mwaka 1871 akaeleza habari za vitu ambavyo havijaonekana na mtu yeyote. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aliivumbua galiamu, mahali pale pale palipoachwa wazi chini ya alumini. Akapima uzani wake akasema kila sentimeta ya ujazo ina gramu 4.7. Mendeleev, ambaye hakupata kuishika hata punje yake, akamwandikia kwamba haiwezekani, iwe karibu 5.9, aisafishe, apime tena. Akaisafisha, akapima, ikawa 5.9. Baadaye mwaka 1879 ikaja skandiamu, na mwaka 1886 gemaniamu, kila moja ikaingia katika nafasi yake kama jalada lililokuwa limeazimwa.

Hayo ndiyo tunayotaka mtoto ayaonje. Na sasa twaja kwenye bao.

Bao la Kiswahili, kama ajuavyo kila mtu, lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane kila mmoja, pamoja na kete 64. Wasomaji waliosoma kemia watakumbuka kwamba elementi ishirini za mwanzo, zile ambazo kidato cha pili hawana budi kuzijua, hujipanga katika mistari minne, wala mstari hauzidi nane. Lilinganishe bao na jedwali. Mstari wa kwanza una wawili tu: hidrojeni katika shimo la kwanza na heliamu katika shimo la nane, na katikati mashimo sita ni matupu. Mstari wa pili umejaa: lithiamu, beriliamu, boroni, kaboni, naitrojeni, oksijeni, florini, neoni. Mstari wa tatu umejaa vile vile: sodiamu, magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi, salfa, klorini, agoni. Mstari wa nne una potasiamu na kalsiamu, kisha mashimo sita yamebaki wazi. Ishirini yana wenyewe, kumi na mawili ni matupu, jumla 32. Wazee waliochonga bao hawakufikiri habari za kemia, wala hatusemi neno hilo. Twasema tu kwamba chombo kimo nyumbani mwetu, nacho chatosha kazi. Mcheza kwao hutunzwa.

Mchezo wa kwanza ni kupanga. Kadi ishirini huchanganywa. Katika kila kadi imeandikwa alama ya elementi, uzito wa atomu yake, na tabia zake mbili tatu: kwamba ni metali laini ikatikayo kwa kisu na hutunzwa katika mafuta ya taa, au kwamba ni gesi isiyoungana na kitu, au kwamba huungana na hidrojeni moja tu. Namba haikuandikwa. Wachezaji huweka kadi mashimoni kwa zamu, na kila awekaye husema sababu kabla mkono wake haujaachia kadi. Akinyamaza, kadi humrudia.

Katika mchezo huu umetegwa mtego mmoja, na hapo ndipo vicheko vilivyosikiwa nje hutoka. Agoni ina uzito 39.9, na potasiamu ina 39.1. Mtoto afuataye uzito huiweka potasiamu kwanza, ikaangukia shimo la nane, chini ya neoni. Na agoni ikaingia shimo la kwanza, chini ya sodiamu. Mara wenzake wapiga kelele: potasiamu, ambayo ikitiwa majini huwaka, imekaaje na gesi zisizoungana na kitu? Na gesi tulivu kama agoni imefuata nini katika nyumba ya sodiamu? Tabia zasema hivi, uzito wasema vile, nani asikizwe?

Hapo mwalimu huwapa jibu ambalo Mendeleev mwenyewe hakulijua alipopanga. Mwaka 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, akitumia miali ya eksirei, alionyesha kwamba kila elementi ina namba yake ya kweli, nayo ni hesabu ya protoni zilizomo katika kiini cha atomu. Agoni ni 18 na potasiamu ni 19, hata kama uzito wasema vinginevyo. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, naye ana umri wa miaka 27. Lakini masjala ya ulimwengu tangu siku zake hupangwa kwa namba, si kwa uzito. Na sisi makarani twaona mara moja kwamba hii ni haki, kwa sababu hakuna mtu apangaye majalada kwa unene wake. Mtoto aliyegombana na wenzake juu ya agoni na potasiamu kwa dakika kumi hatasahau maisha yake namba ya atomu ni nini. Yule aliyeinakili kutoka ubaoni ataisahau kabla ya Krismasi.

Mchezo wa pili ni wa lile shimo tupu. Mtoto huonyeshwa shimo la nne la mstari wa nne, chini ya silikoni, na kuambiwa: jalada hili halipo, tueleze habari zake. Huambiwa kwamba silikoni ina uzito 28.1, na kwamba jamaa wa mbali wa safu hiyo hiyo ni bati, ambalo huchimbwa kwetu huko Kyerwa mkoani Kagera, nalo lina 118.7. Ajumlishe, agawanye kwa mbili: apata 73.4. Silikoni huungana na klorini nne. Basi na hii itaungana na nne. Kisha hufunuliwa kadi: gemaniamu, uzito 72.6, huungana na klorini nne. Mendeleev, aliyewatazama jirani wengi zaidi, alisema 72. Mtoto wa miaka kumi na mitano, mwenye kalamu na kipande cha karatasi, amekaribia hivyo pasipo maabara. Twauliza: ni ukurasa gani wa maelezo ya kunakili umpao mtoto heshima ya namna hii?

Mchezo wa tatu ni wa kete, nao ni ule ufundishao fomula. Hapa mashimo huwa nyumba za elektroni. Mtoto apataye kadi ya sodiamu, namba 11, huzitia kete zake: mbili katika shimo la kwanza, nane katika la pili, moja katika la tatu. Apataye klorini, namba 17, hutia mbili, nane, saba. Kila mmoja ataka nyumba yake ya nje iwe na nane. Mwenye sodiamu aona kwamba kupata saba ni kazi kubwa, na kutoa moja ni kazi ndogo. Mwenye klorini aona kwamba amepungukiwa moja tu. Kete moja yahama, mkono kwa mkono, na chumvi imepatikana: mmoja kwa mmoja, NaCl. Katika bao la barazani mtu hushinda kwa kula kete za mwenziwe; katika hili, hushinda wale wawili waliopeana sawasawa.

Aletwe sasa magnesiamu, mwenye kete mbili za nje. Klorini moja yapokea moja, na moja yabaki haina pa kwenda. Hana budi kutafutwa klorini wa pili. MgCl2. Aje alumini mwenye tatu, na oksijeni apungukiwaye mbili. Hapo wachezaji hukuna vichwa, maana tatu haiingii katika mbili. Hata mmoja aone kwamba alumini wawili hutoa sita, na oksijeni watatu hupokea sita, kete zimelingana. Al2O3. Fomula ambayo watoto huikosea kila mwaka wameipata kwa kuhesabu kete, kama mhasibu alinganishavyo mapato na matumizi. Na hesabu isipolingana hakuna haja ya kumwuliza mwalimu, bao lenyewe limewaambia.

Kisha huja wale wasiotaka kutoa. Hidrojeni na oksijeni hawapeani, hushirikiana: kete ya huyu na kete ya huyu huwekwa juu ya ukingo baina ya nyumba mbili, na kila mmoja huzihesabu zote mbili kuwa zake. Oksijeni apungukiwa mbili, basi ashirikiana na hidrojeni wawili, nayo ni maji. Kaboni apungukiwa nne, ashirikiana na hidrojeni wanne. Tofauti ya kupeana na kushirikiana, ambayo vitabu huieleza kwa maneno mazito, mtoto huiona kwa macho: kete iliyohama, na kete iliyo ukingoni.

Mchezo wa nne hauna chombo, nao hufunga jioni. Ni vitendawili, kwa desturi yetu ile ile. Mmoja husema, Kitendawili! Wengine hujibu, Tega! Naye hutega: Peke yangu sumu, nikioa kiungo cha mchuzi. Wakishindwa, husema, nipeni mji. Nao humpa mji wautakao. Naye akiisha kuukubali hufumbua: klorini, ambayo peke yake ni gesi ya sumu, na ikiungana na sodiamu ni chumvi. Mwingine hutega: Mweusi jikoni, mweupe kidoleni, mama mmoja. Ni kaboni, iliyomo katika makaa na katika almasi za Mwadui. Na mwingine: Niko katika nyumba ya nane, lakini nina mbili tu, nami nimeshiba. Ni heliamu. Sheria ni moja, kwamba kitendawili kiwe kipya, kimetungwa na mtegaji mwenyewe. Nasi twasema kwamba mtu hawezi kutunga kitendawili juu ya kitu asichokijua. Majibu yaweza kukaririwa. Kutega kwataka ujuzi.

Hapo pana faida nyingine ambayo wanachama wengi hawajaiangalia. Watoto wetu husoma sekondari kwa Kiingereza, na mtihani wa kemia huandikwa kwa Kiingereza. Hatuligombanii jambo hilo leo. Lakini twajua yatokeayo: mtoto hudhani kwamba kemia ni habari ya nchi nyingine, ya vitu asivyopata kuviona, na maneno yake hukaa kichwani kama wageni wasiokaribishwa. Kumbe vitu vyenyewe vimemzunguka. Magadi ambayo mama yake huyatia katika maharage ni chumvi ya sodiamu. Ziwa letu la Natron limebeba neno lile lile la kale la magadi, na kwa neno hilo Kilatini kiliita sodiamu natrium. Ndiyo sababu alama yake ni Na, wala si So kama watoto waandikavyo. Chumvi ya Uvinza, fosfati ya Minjingu, dhahabu ya Geita, zote zina shimo lake au nafasi yake katika jedwali. Yale meno ya rangi ya kahawia ya watu wa sehemu za Arusha na Kilimanjaro husababishwa na floraidi iliyozidi katika maji, nayo ni ya ukoo wa florini, shimo la saba la mstari wa pili. Heliamu, ambayo watoto huidhani kuwa ni ya maputo ya Ulaya tu, mwaka 2016 ilitangazwa kwamba imo ardhini katika bonde la Rukwa. Kadi zetu zimeandikwa mambo hayo. Watoto hubishana kwa Kiswahili mpaka wameelewa. Kisha huandika kwa Kiingereza mpaka wamezoea. Jambo lililoeleweka hubebwa na lugha yoyote. Lisiloeleweka halibebwi na lugha hata moja.

Sasa tuzijibu hoja za wenzetu, maana si haki kuzipita.

Wasema, mtihani hauulizi bao. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza fomula, huuliza namba za elektroni katika kila nyumba, huuliza kwa nini elementi za safu moja hufanana. Bao ni jembe. Hakuna apelekaye jembe sokoni, hupeleka mahindi. Wasema, kuna kelele. Ziko kelele za namna mbili, za watu wasio na kazi na za watu wabishanao juu ya kazi. Aliye nje hawezi kuzitofautisha, basi na aingie ndani aketi nusu saa. Wasema, saa mbili ni chache. Hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, nasi hatuibezi. Na kwa ajili yake twataka mchezo uwekewe mipaka.

Kwa maana sisi pia tunayo hofu yetu. Mchezo huweza kuharibika ukawa mchezo tu. Mtoto mwepesi hukimbilia majibu, na wale wazito huwa watazamaji. Ushindi hupendwa kuliko sababu. Na mwisho watu hurudi nyumbani wamefurahi, wala hawana kitu. Tena bao lenyewe husema uongo mahali fulani, na mwalimu asipousema mtoto ataubeba kuwa kweli. Elektroni si kete, wala hazikai katika mashimo zikisubiri mkono. Hidrojeni yumo katika safu ya metali laini, naye si metali. Heliamu yumo katika nyumba ya nane naye ana mbili. Na baada ya kalsiamu kuna metali kumi, tangu skandiamu hata zinki, ambazo bao halina mashimo yake. Ndipo huja galiamu na wenzake watano waingiao katika yale mashimo sita. Kanuni ya nane ni mlango wa nyumba, si nyumba yenyewe. Jedlwali zima leo lina elementi 118, mistari saba, safu 18, na majina ya nne za mwisho yalithibitishwa mwaka 2016. Mtoto na ajue kwamba bao limemfikisha ishirini, na safari ingaliko.

Kwa hiyo twashauri masharti manne. La kwanza, asiwepo mchezaji achukuaye kadi au ahamishaye kete pasipo kusema sababu kwa sauti. La pili, bao moja lisizidi watoto wanne, na yule mwepesi, akiisha kushinda mara mbili, awe mwamuzi. Kazi ya mwamuzi ni kuuliza, si kujibu. La tatu, mchezo uishe katika saa ya kwanza, na saa ya pili iwe ya daftari: mabao yafunikwe, kila mtoto achore jedwali kwa mkono wake, aandike fomula na milinganyo kwa Kiingereza, na ajibu maswali ya mitihani iliyopita kama wenzetu watakavyo. La nne, kila mchezo ufungwe na mwalimu kwa kusema mahali bao liliposema kweli na mahali lilipokosea.

Kuhusu gharama, hakuna la kubishania. Mabao yameazimwa na wanachama. Kete zikipotea, zipo komwe na maharage. Kadi zimekatwa katika maboksi ya dukani. Nasi twawahakikishia wakuu wa idara kwamba hakuna jalada la Serikali lililotiwa mkasi.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa kumbukumbu na hesabu, tusiliamue jambo hili kwa maneno matupu, yetu wala yao. Kamati na ilipe darasa miezi mitatu. Mwanzoni kila mtoto apewe karatasi yenye jedwali tupu na fomula kumi za kukamilisha. Mwishoni apewe nyingine ya namna ile ile, nayo isahihishwe na mwanachama asiyependelea upande wowote. Zikiwa zimepanda, mabao yakae. Zikiwa hazikupanda, sisi wenyewe tutayabeba kuyarudisha barazani yalikotoka, wala hatutanung'unika. Tusipime kwa vicheko, wala tusipime kwa kununa; tupime kwa daftari.

Lakini twaomba jambo moja kwa kila mzazi kabla ya siku ya mkutano. Jumamosi hii, mtoto wako atakaporudi, usimwambie akuimbie majina ishirini. Mpe kokwa za maharage kumi na saba, mwambie akuonyeshe klorini. Kisha mwulize amepungukiwa nini, na nani atampa. Ukiisha kumsikiliza, njoo mkutanoni upige kura yako.